Tumwiteje Askari?

Leo twataka kuzungumza nanyi, wasomaji wetu, juu ya jambo lionekanalo dogo, lakini likikosewa huleta aibu, na mara nyingine huleta hasara: nalo ni namna ifaayo ya kumwita askari. Hatutasema sana juu ya maafisa wakubwa wenye nyota mabegani, maana hao watu huwaogopa, na aliye na hofu hujichunga na makosa. Twataka kusema hasa juu ya askari wenyewe walioandikishwa jeshini, tangu yule asiye na tepe hata moja mpaka Afisa Mteule. Hao ndio tunaokutana nao njiani, ndio wana wetu na ndugu zetu, na ndio ambao watu huwaita ovyo ovyo.

Watu wa Ilula hawakosi kuwaona askari. Mji wao uko juu ya njia kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya, na mabasi yasimamapo hapo watu hushuka kununua nyanya na vitunguu. Katika abiria hao hakosi kijana arudiye kwao kwa likizo, au mwingine aendaye Mafinga kwenye kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Muuza nyanya amwita "Askari!", mwingine "Meja!", wa tatu "Kamanda!", na mtoto wa shule asimama akampigia saluti. Kijana yule ana tepe mbili mkononi. Je, katika hao wanne ni nani aliyemwita vema? Hapana hata mmoja. Basi yafaa tulifunue jambo hili tangu mwanzo wake.

Majina yalikotoka

Neno "askari" ni la Kiarabu, na maana yake ni mtu wa jeshi. Limekaa katika Kiswahili siku nyingi sana, hata limeenea kwa kila mlinzi: twasema askari polisi, askari magereza, askari wa wanyamapori. Kwa hiyo "askari" ni jina la kazi, kama vile mkulima au mwalimu, wala halionyeshi daraja la mtu.

Neno la pili ni "afande", nalo lina safari ndefu zaidi. Asili yake ni "efendi" la Kituruki, maana yake bwana, nalo Waturuki walilipata kwa Wayunani. Zamani Misri ilipokuwa chini ya Waturuki, jeshi la Misri lilitumia majina ya vyeo ya Kituruki, na Wasudani waliotumika katika jeshi lile waliyazoea. Mwaka 1889 Mjerumani Hermann von Wissmann alikwenda Cairo kutafuta askari wa kupigana na watu wa pwani yetu, akawaandikisha mamia ya Wasudani hao. Walipofika walikuja na majina yao: "ombasha", yaani mkuu wa watu kumi, kwa cheo cha koplo, "shaush" kwa cheo cha sajini, na "efendi" kwa Mwafrika aliyepewa cheo cha afisa. Hivyo majina hayo yaliingia nchini pamoja na bunduki.

Nchi ya Iringa iliyaona mambo hayo kwa karibu. Ukitoka Ilula kuelekea Iringa mjini utapita Lugalo, mahali ambapo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mtwa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Mjerumani Emil von Zelewski. Mpaka leo pana nguzo ya ukumbusho hapo. Katika askari waliomfuata Zelewski walikuwamo Wasudani, na walikuwamo watu kutoka Msumbiji ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Kwa hiyo yawezekana sana kwamba neno hili "efendi" lilitamkwa katika vichaka vya Lugalo kabla halijasikika katika miji mingi ya bara.

Waingereza nao walikuwa na Wasudani wao huko Uganda. Mwaka 1902 walipounganisha vikosi vyao vya Afrika ya Mashariki na Nyasa kuwa King's African Rifles, ambayo babu zetu waliiita "Keya", neno lile liliendelea kuishi humo. Askari wa Keya alimjibu mkubwa wake "Ndiyo, efendi", na ulimi wa Kiswahili ukalilainisha kuwa "afande". Baada ya mwaka 1950 Waingereza walilirudisha "efendi" kuwa cheo kamili cha Waafrika, juu ya sajini meja na chini ya luteni. Cheo hicho kilitoweka wakati wa uhuru, lakini "afande" limebaki vinywani mwa askari wa Tanzania, Kenya na Uganda.

Jina lina uzito gani?

Huenda msomaji akauliza, "Jina lina faida gani? Si neno tu?" Sivyo. Katika Keya, kwa muda wa miaka mingi, Mwafrika hakuweza kupanda kupita sajini meja. Alipigana Uhabeshi mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942 na Burma mwaka 1944. Alijua kazi yake kuliko kijana wa Kizungu aliyekuja juzi. Walakini kijana yule ndiye aliyekuwa afisa, na mara nyingi mzee mwenye tepe tatu na mvi kichwani aliitwa "boi". Waliopatwa na hayo hawakuyasahau. Waliporudi vijijini na kuitwa "Sajini" na watu wao, waliona kwamba angalau hapo kazi yao imejulikana.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipeleka mwenge na bendera kileleni mwa Kilimanjaro, na watu wote walilisikia jina lake likitanguliwa na cheo chake. Lakini maafisa Waafrika walikuwa wachache bado, na wakubwa wa jeshi walikuwa Waingereza. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Waliyodai yalikuwa mawili: mshahara kuongezwa, na maafisa wa Kiingereza kuondolewa ili Waafrika washike nafasi zao. Hatusifu uasi, maana jeshi lisilotii ni hatari kwa nchi yake. Lakini twaona kwamba daraja na heshima ya askari si mambo ya mchezo. Jeshi lile lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Kambi ya Colito nayo ikapewa jina jipya, na jina hilo ni Lugalo.

Ngazi za vyeo

Sasa na tuzipande ngazi zenyewe, moja moja.

Chini kabisa yuko kuruta, yaani yule aliye mafunzoni. Jina hili ni la kambini tu. Akisha kuapa na kumaliza mafunzo, si kuruta tena, na kumwita hivyo ni kumtukana. Baada yake yuko askari asiye na tepe. Juu yake yuko Koplo Usu mwenye tepe moja. Neno "usu" huonyesha kwamba yu chini kidogo ya cheo kamili, kama vile Luteni Usu alivyo chini ya Luteni. Kisha yuko Koplo mwenye tepe mbili, naye Sajini, au Sajenti kama wengi wasemavyo siku hizi, mwenye tepe tatu. Halafu yuko Sajini Taji. Jina hili lina historia yake: katika jeshi la Waingereza cheo hicho huonyeshwa kwa tepe tatu na taji la mfalme juu yake, na Kiswahili kikalishika taji lile kuwa jina.

Juu ya hao wako Maafisa Wateule, Daraja la Pili na Daraja la Kwanza. Hawa hawavai tepe, bali alama nyingine. Hapa wengi hukosea, kwa kuwa wasikiapo neno "afisa" hudhani ni sawa na luteni au kapteni. Sivyo. Afisa Mteule ametoka katika safu za askari, amepanda ngazi zote kwa miaka mingi, naye ni kilele cha askari walioandikishwa. Luteni, hata akiwa kijana, ana kamisheni, yaani hati ya uafisa itokayo kwa Amiri Jeshi Mkuu, ambaye ni Rais. Ndiyo maana katika hotuba za serikali husikika maneno "maafisa na askari": ni makundi mawili, na kila moja lina heshima yake.

Wanafunzi watafurahi kujua asili ya majina mengine. "Koplo" latoka katika neno la Kiitaliano lenye maana ya kichwa, yaani mkuu wa kundi dogo. Basi ni ndugu wa "ombasha", kichwa cha watu kumi. "Sajini" latoka katika Kilatini, na maana yake ya kwanza ni mtumishi. Naam, yule ambaye sauti yake hutetemesha uwanja wa gwaride, jina lake ni mtumishi.

Namna ya kuwaita

Kanuni ya kwanza: ukikijua cheo, kitumie. Waweza kusema "Koplo" peke yake, au "Koplo Fulani" kama wako wengi. Katika mazungumzo cheo cha Koplo Usu hufupishwa, akaitwa Koplo, kama Luteni Usu aitwavyo Luteni. Lakini katika maandishi usifupishe.

Kanuni ya pili: si kila cheo chafupishwa. Sajini Meja, jina lililotumika sana katika Keya na litumikalo bado katika polisi, haliwezi kukatwa likawa "Meja", kwa kuwa Meja ni afisa mkubwa aliye mbali sana juu yake. Ukimwita hivyo mbele ya wenzake utakuwa umemfanya kichekesho. Vivyo hivyo usimpandishe koplo kwa kumbembeleza. Cheo ni kama shamba la mtu. Ukimpa la jirani yake humfadhili, wamgombanisha.

Kanuni ya tatu: usipokijua cheo, sema "afande". Ndani ya jeshi ni jina la mdogo kumwita mkubwa, lakini raia naye hulitumia, na hapana achukiaye. Uzuri wake ni kwamba halichagui mwanamume wala mwanamke. Waingereza hawana budi kumtazama mtu kwanza wapate kuchagua neno la mwanamume au la mwanamke. Sisi twasema afande kwa wote wawili. Wala si kila jeshi duniani lina desturi hii. Katika jeshi la nchi kavu la Marekani, askari hamwiti sajini kwa neno la "bwana" waliwekalo kwa maafisa. Yampasa amwite kwa cheo chake. Katika jeshi la Uingereza, Afisa Mteule huitwa "bwana" na walio chini yake, lakini sajini haitwi hivyo. Kwetu "afande" limetanda juu ya ngazi zote, koplo kwa jenerali.

Kanuni ya nne: usipaze sauti kuita "Askari!" au "We askari!" Humwiti mwenzako "We mkulima!" ukitaka akuuzie mahindi.

Kanuni ya tano yahusu saluti. Raia hapigi saluti, na mtoto apigaye hucheza tu. Hata askari kwa askari, saluti ni ya maafisa, maana huheshimiwa ile kamisheni. Mbele ya sajini askari mdogo husimama mguu sawa, mikono imenyooka ubavuni. Salamu yao ni "Jambo, afande", fupi na kavu. Msishangae mkisikia kijana mliyemlea vema akimwambia mtu wa makamo "Jambo" badala ya "Shikamoo". Hajaacha adabu, bali hiyo ndiyo adabu ya mahali pale.

Askari nyumbani kwao

Hapa twafika penye shida ya kweli. Jeshini cheo hushinda umri. Kijijini umri na ukoo hushinda cheo. Yawezekana mpwa akawa sajini na mjomba wake akawa koplo katika kikosi hicho hicho. Kazini mjomba humwambia mpwa wake "afande", wala haoni haya, maana amri haina ujomba. Jioni wakirudi nyumbani, sajini huinama akasema "Shikamoo, mjomba", naye mjomba huitikia "Marahaba". Asiyejua kugeuka hivyo ni mpungufu pande zote mbili.

Basi mzee wa Ilula asimwite mwanawe "afande" kwa kujivuna mbele ya majirani. Amwite mwanangu, kama alivyomwita siku ya kuondoka. Na kijana naye asingoje kuitwa kwa cheo mlangoni pa baba yake. Na atangulie yeye kuwaamkia wakubwa, kwa Kiswahili au kwa "Kamwene" ya kwao. Majirani wasio wa ukoo waweza kumwita kwa cheo kama ishara ya furaha, naye apokee kwa upole.

Aliyestaafu hukumbukwa kwa cheo chake cha mwisho, nacho huongezwa neno: "Sajini mstaafu". Si kosa kumwita "Sajini" tu katika mazungumzo. Kosa ni kumdharau kwa kuwa hana bunduki tena.

Barua na ziara

Kukosea jina barabarani huleta kicheko. Kukosea katika barua au langoni pa kambi huleta majonzi. Tuseme mama mmoja amesafiri siku nzima na kikapu chake cha nyanya, afika langoni akiuliza, "Namtaka Juma, mwanangu." Mlinzi amwuliza, "Juma yupi? Cheo chake nini? Yuko kikosi gani?" Mama hajui, maana nyumbani ni Juma tu. Humo kambini wamo Juma wengi, na kazi ya mlinzi si kumwingiza kila aombaye. Mama yule aweza kulala stendi, asubuhi akarudi bila kumwona mwanawe, naye mwana asijue kwamba mama alifika. Habari ya ugonjwa au msiba nayo yaweza kuchelewa kwa sababu hiyo hiyo.

Basi kila nyumba yenye mtu jeshini iandike na kuhifadhi mambo manne: namba yake ya jeshi, cheo chake, majina yake kamili, na jina la kikosi chake, ambalo mara nyingi ni namba ifuatwayo na herufi KJ, yaani Kikosi cha Jeshi. Juu ya bahasha yaandikwe kwa utaratibu huo huo. Mtu akipandishwa cheo awaarifu wa kwao, nao waigeuze karatasi. Wanafunzi, kazi hii ni yenu: babu na bibi wasiojua kusoma wawategemea ninyi.

Hadhari moja

Twamalizia kwa hadhari. "Afande" ni neno la heshima, si neno la hofu. Wako wadanganyifu ambao huvaa nguo zifananazo na za jeshi, wakajiita koplo au sajini, wakatoza watu fedha au wakaahidi kuwaingiza vijana jeshini kwa malipo. Raia haruhusiwi na sheria kuvaa sare ya jeshi, na nafasi za jeshi haziuzwi sokoni. Mtu wa namna hiyo mwulize kwa adabu jina lake, cheo chake na kikosi chake. Askari wa kweli hujibu upesi, maana ni maneno aliyofundishwa tangu siku za ukuruta, mwongo hukasirika. Akikasirika, nenda kwa mtendaji wa kijiji au kituo cha polisi.

Na yule kijana wa basi pale Ilula, mwenye tepe mbili? Ni Koplo. Wahenga walisema heshima si utumwa: mwite hivyo, mwuzie nyanya kwa bei ile ile uwauziayo wengine, na umtakie safari njema.